Walii wa Manika

Ramadhani ya mwaka jana familia yetu ilibahatika kupata walii. Sitanii. Mtu wa Mungu kabisa, mwenye karama, asiyesikia njaa wala usingizi, alikuwa analala chumba cha pili kutoka changu, yaani alikuwa halali. Watu walimjia na chupa za maji awasomee dua. Mama Tshibola, jirani yetu, ambaye ni Mkatoliki na huimba kwaya kila Jumapili, alimletea syllabus ya binti yake, kile kitabu cha masomo ya chuo, ili aishike tu kidogo. Na walii huyo ni Yassini, kaka yangu, ambaye miezi michache tu nyuma nilikuwa namwagia maji usoni ndipo aamke kuswali alfajiri.

Nianze na baba, maana bila baba walii asingepatikana.

Baba anaitwa Masudi. Ukoo wetu ulitoka Kasongo zamani, ukaja Kolwezi, hapa mtaani Manika, na marobota ya vitenge mabegani, na hadi leo kazi yetu ni kununua huku na kuuza kule. Baba ana malori yanayoleta mahindi kutoka Kasaji, na ana depo sokoni ambapo mimi, Zena, ndiye ninayepima, ninayeuza na ninayegombana na wateja. Nilipata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, mara ya kwanza. Yassini aliipata mara ya pili, kwa kusukumwa. Baba akaketi, akawaza sana, akatoa hukumu: aliyefaulu mara ya kwanza ana akili nyepesi, inafaa biashara, basi akae depo, aliyefaulu mara ya pili ana subira, basi aende chuo kikuu. Siku hiyo nilinyamaza. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Tangu Yassini alipojiandikisha idara ya madini, baba aliacha kumwita jina. Ikawa ni Ingénieur amekula, Ingénieur amelala, mpishieni Ingénieur. Kijana yuko mwaka wa kwanza, hajaonyeshwa hata jiwe, tayari ni mhandisi. Vijana wachimbaji walipokuja depo kununua unga, wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi, baba aliwaambia wangoje kidogo, mwanawe anakuja kuwafundisha kuchimba. Walimtazama kwa adabu, wakalipa, wakarudi kwenye mashimo yao. Baba akanunua na kofia ya mhandisi, ile nyeupe ngumu, akaitundika sebuleni karibu na picha ya Makka. Hapa Kolwezi kila mzazi anamwona mtoto wake ndani ya gari lenye kiyoyozi, linapita Kingamyambo vioo vimefungwa. Baba yangu alikuwa ameshaona hadi rangi ya gari.

Tatizo lilikuwa moja tu: Ingénieur alikuwa anafeli. Mwaka wa pili alikuwa anaurudia, na somo la metali ndilo lililokuwa linamla nyama. Safari hii mambo yalikuwa wazi, akianguka tena anaondolewa idara, hakuna kuomba wala kulia. Mtihani wenyewe ukapangwa katikati ya Ramadhani. Yassini alijua, mimi nilijua, na baba pia alijua, ila yeye ana namna yake ya kujua jambo bila kuliruhusu liingie kichwani.

Ndipo akaingia Zéphirin. Huyu anasoma udaktari, mwaka wa tatu, na mgonjwa hajawahi kumgusa, lakini karatasi ya daktari ya kununulia dawa anaiandika vizuri kuliko maprofesa wake. Kwa karatasi hizo anachukua vidonge katika maduka ya dawa yasiyouliza maswali, kisha anawauzia wenzake. Ni dawa za kweli, wanazopewa watoto wasioweza kutulia darasani na watu wenye ugonjwa wa kusinzia hovyo. Wanafunzi wanaziita betri. Wakati wa mitihani husikii habari nyingine: umetia betri? betri zimekwisha? Utadhani ni chuo cha mafundi redio.

Basi Yassini akaanza kutia betri wakati wa daku. Sasa, mtu anayetia betri mwezi wa kawaida, mama yake atamwona hali chakula, atapiga kelele. Mtu anayetia betri Ramadhani anaonekana mcha Mungu. Sisi wote tulikuwa tunahesabu dakika hadi magharibi, midomo imekauka, tumenuniana. Yassini alikuwa anatembea uani na syllabus mkononi, anasoma kwa sauti, macho yameng'aa. Adhana ikilia, sisi tunarukia sahani. Yeye anakula tende moja, anakunywa funda la maji, anasema alhamdulillahi, anarudi kusoma. Mama akimwekea wali, unarudi kama ulivyokwenda.

"Mumeona?" baba akatuambia siku moja, mkono wake umeshika paja la kuku. "Sisi tunafunga tumbo. Ule anafunga na roho."

Msikitini ndiko jina lilikotokea. Katika tarawehe wazee walikuwa wanayumba kwa usingizi, wengine wanakoroma wakiwa wamesujudu. Yassini alisimama wima mwanzo hadi mwisho, na watu walipokwenda nyumbani yeye akaendelea kuswali. Hakuwa anajionyesha, masikini. Alikuwa ameanza kitu na hakuweza kukiacha, ndivyo betri zinavyofanya. Siku nyingine alianza kuchambua maharage ya mama. Alitoa mawe, akatoa yaliyooza, kisha akayapanga kwa ukubwa, kisha kwa rangi, gunia zima, tangu asubuhi hadi alasiri, bila kuinua kichwa. Wageni wa baba walisimama kumtazama.

"Unyenyekevu gani huu," mmoja akasema. "Mutoto ya université, na anachambua maharage."

"Eko walii," baba akajibu, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ambayo angependa ifike hadi Kisenge.

Ikafika. Wakaanza kuja. Kwanza jamaa wa msikitini, halafu wateja wa depo, halafu watu wa dini zote. Baba akamwekea kiti sokoni, karibu na mizani yangu, ili baada ya adhuhuri aje akae kidogo, watu wapate baraka. Mahindi ya Kasaji yakaitwa mahindi yenye dua. Watu waliacha depo za wengine wakaja kwetu, na baba akatembea sokoni kifua mbele. Yassini alisoma dua juu ya chupa za maji kwa kasi ya kutisha, chupa baada ya chupa. Syllabus ya Falonne, binti wa Mama Tshibola, hakuishika tu. Aliisoma yote palepale, ilhali ni ya sheria, na akamsahihishia makosa ya chapa kwa kalamu nyekundu. Mama Tshibola alilia kwa furaha.

Mimi sikulia. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, naona jinsi anavyosaga meno. Niliona mshipa wa shingo unavyoruka. Mikono yake ilitetemeka hata akiwa ameiweka magotini, na alikuwa amekonda hadi kanzu inamning'inia. Siku moja wateja walipopungua nikamvuta nyuma ya magunia.

"Yassini, unakunywa nini?"

"Niko nafunga."

"Mi si Mama Tshibola. Unakunywa nini?"

Akatazama huku na huku. Mkono wake ukaanza kuokota punje za mahindi zilizoanguka, moja moja, na kuzipanga mstari juu ya gunia.

"Ni betri tu," akasema, akanitajia na jina lake la dukani. "Bote banatia. Ni dawa ya docta, hapana ya barabarani."

"Docta gani?"

"Zéphirin."

"Zéphirin ni docta?"

"Eko mwaka ya tatu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikamwekea mkono kifuani. Moyo ulikuwa unakimbia hovyo, mara unaruka, mara unasita, kisha unaanza tena. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu, na hasira yangu yote ya diploma na depo ikaondoka kwa muda. Ni kaka yangu.

"Acha ile dawa leo."

"Siwezi. Zena, nikiacha nitalala, nikilala nitaanguka, nikianguka ni kwisha. Baba atawaambia bato nini? Umeona bale bato bote?" Machozi yalikuwa yanamtoka na bado mkono unapanga mahindi. "Acha examen ipite. Kisha nitalala. Usimwambie."

Nikamwahidi. Ahadi hiyo niliishika hadi nilipomaliza kufunga depo jioni ile, kisha nikaivunja bila kujuta hata kidogo.

Hapa lazima mumjue Lukusa. Alikuwa dereva wa baba, dereva mzuri, hadi alipoanza kumeza vidonge vya kufukuza usingizi ili amalize safari ya Kasaji bila kupumzika. Mwaka mmoja kabla ya haya aliingiza lori mtaroni, mahindi yote yakamwagika kwenye matope, yeye akatoka na mkono uliovunjika. Baba alimfukuza siku ileile. Kisha akatukalisha wote sebuleni akatuhubiria juu ya vidonge, jinsi vinavyompa mtu macho ya mbuzi aliyeona kisu, jinsi anavyoacha kula, jinsi anavyosaga meno. Alijua kila dalili. Hakuna mtu Manika nzima aliyezijua dalili zile kuliko baba yangu.

"Baba," nikamwambia tukiwa wawili tu depo, "Yassini anakunywa dawa ya kufukuza usingizi."

"Ingénieur anafunga."

"Baba, ile macho unaijua. Weye mwenyewe ulituonyesha. Njo macho ya Lukusa."

Kwa muda mfupi sana niliona kwamba baba amenisikia, jambo limemfika hadi ndani, na nikafurahi. Kisha akapangusa mizani kwa kitambaa, ingawa nilikuwa nimeshaipangusa.

"Lukusa alikuwa anaendesha camion," akasema. "Ingénieur anaswali."

"Atakufa, Baba."

"Zena. Nani alikupa diploma ya docta? Una wivu juu ulibakia ku depo. Nenda nyumbani, mama yako anangojea bukari."

Nikaenda nyumbani nikapika, na niliusonga ule ugali kwa nguvu hadi mwiko ukapasuka.

Nikajaribu na kwa Shehe Kassim, imamu wetu. Ni mtu mpole, miguu yake inamuuma, na hapendi ugomvi. Sikumtajia dawa, nilimwambia tu Yassini anaumwa. Akasema naye ameona. Akamsubiri baba baada ya swala ya alasiri, mlangoni, mbele yangu.

"Tata Masudi, ule kijana apumuzike. Anasoma Kurani kama muntu mbwa zinamufukuza."

"Ni mapenzi ya dini, Shehe."

"Mi niko namuangalia. Funga ni kusikia njala na kuvumilia. Sasa muntu hasikie njala, anavumilia nini?"

Baba alimshukuru kwa heshima zote. Njiani akaniambia kwamba Shehe Kassim ameona msikiti unapata mtu mkubwa kuliko yeye, na roho inamuuma. Kila aliyeona ukweli baba alimgundua wivu. Mji mzima ungekuwa na wivu kama ungefumbua macho.

Siku ya mtihani ikafika. Yassini aliondoka asubuhi kwa pikipiki, midomo imepasuka, hajalala tangu sijui lini. Na baba akaanza maandalizi ya sherehe.

Kwetu huku mtu akifaulu anamwagiwa pudre kichwani, ile poda ya watoto wachanga, hadi anakuwa mweupe nyusi na masikio, na mtaa mzima unajua kuna mwenye furaha. Lakini pudre inangoja matokeo. Chuo kinasoma majina kwa sauti, ukisikia lako ndipo kopo linafunguliwa. Hata mwendawazimu wa sokoni anajua hivyo. Baba alinunua makopo ya pudre siku ya mtihani wenyewe, akaalika watu wa msikitini, majirani, wateja wakubwa. Uani pakajaa. Shehe Kassim alikuja, akasimama karibu na mlango wa uzio.

"Tata Masudi, points zimesha kutoka?" Mama Tshibola akauliza.

"Points gani, Mama? Muntu ya Mungu banamupatia points?"

Watu wakacheka, wakakubali. Ilikuwa inakaribia adhuhuri, jua linachoma kati ya mvua mbili, wafungaji wote tumekauka. Yassini akashushwa na pikipiki. Alitembea mgumu, kama mtu anayepita juu ya mawe ya mto, na macho yake hayakuwa yanatulia popote.

"Ingénieur!" baba akapaza sauti. "Waambie bato. Examen ilikuwa namna gani?"

"Swali ya kwanza nimeimaliza," Yassini akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Yote. Hakuna kitu nimeacha. Nimeomba karatasi ingine, na ingine. Profeseri amekuja kunitia mukono ku bega juu saa imekwisha."

Uani wote ukapiga vigelegele.

"Na swali ya pili?" nikauliza.

Yassini akanitazama. Nikaona jambo linamwingia taratibu, uso unabadilika.

"Yalikuwa ine," akasema polepole, akinyoosha vidole vinne. "Zena, maswali yalikuwa ine."

Nani alimsikia? Baba alikuwa ameshafungua kopo. Pudre ikamiminwa kichwani, ikashuka machoni, mabegani, kwenye kanzu. Wengine wakafungua ya kwao. Katikati ya wingu lile jeupe Yassini alishika kifua, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, akaanguka chali juu ya saruji. Kichwa kilipiga, nilisikia. Akalala pale mweupe kabisa, macho yamegeuka.

Na unajua walii akianguka watu wanafanya nini? Wanafurahi.

"Hali ya mawalii imemupata!" mzee mmoja akalia. "Amefika! Msimuguse!"

Wakamzunguka duara. Wakaanza dhikri. Wanaume wazima, wenye biashara na wajukuu, wakawa wanayumba kulia na kushoto juu ya kijana anayekufa, Allah, Allah, na baba yangu kati yao, machozi ya fahari yanamtoka. Mama alisimama mlangoni na sinia mkononi, hajui aamini nini. Mama Tshibola alipiga ishara ya msalaba.

Niliingia kwenye duara lile kwa viwiko. Nilimkanyaga nani, sijui, na sijaomba radhi. "Hii si hali!" nikapiga kelele. "Anakufa! Munaimbia maiti!" Mtu akanishika mkono kunitoa, nikamuuma. Ni Shehe Kassim aliyenisaidia, na miguu yake ile mibovu. Alimwinua Yassini kwa makwapa, mimi nikashika miguu, tukampandisha kwenye lori lililosimama nje na mahindi yake juu. Baba akafuata nyuma anatuambia tumuache, tumuache, tunaharibu. Lakini akapanda. Waumini nao wakapanda pikipiki wakatufuata, kwa sababu muujiza haujaisha.

Hospitali tukapokewa na daktari mwanamke, Docta Marie, mtu wa maneno machache. Akampima, akasikiliza kifua, akatukunjia uso. Tulikuwa tumejaa chumba na ukumbi wa nje, kanzu na vitenge, na pudre inaanguka sakafuni.

"Amekunywa nini?" akauliza.

"Hapana kitu, Docta," baba akasema. "Ni saumu. Anafunga. Ni ibada tu."

"Tata, moyo huu hauko moyo ya njala. Niko nataka kumutia sindano. Kama eko na dawa ingine mu damu, ile sindano inaweza kumuua. Ninauliza tena: amekunywa nini?"

Baba alinitazama. Alijua. Nataka hilo lieleweke vizuri: nilimwambia mwenyewe, pale depo, na alinisikia. Nyuma yake walisimama watu wote waliomshika mkono mwezi ule, wanangoja jibu. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye pudre. Akageukia Docta Marie.

"Hapana kitu," akasema tena.

"Anakunywa dawa ya kufukuza usingizi," nikasema. "Tangu mwezi kuanza. Kila siku, bila maji, bila chakula. Njo maana hakule. Njo maana halale. Hakuna walii hapa. Kuko mutoto anaogopa examen."

"Zena, nyamaza!"

"Nimenyamaza vya kutosha, Baba." Kisha nikairudia habari yote, polepole, kwa sauti inayofika ukumbini, na jina la dawa kama Yassini alivyonitajia. Docta Marie akaweka sindano ile chini, akachukua nyingine, akatufukuza sote.

Ukumbini hakuna aliyemtazama baba. Mmoja akakumbuka ana mzigo sokoni. Mwingine akakohoa. Wakaondoka, na wengi waliondoka na hasira, wameibiwa walii wao.

Yassini alipona. Moyo ulitulia jioni ile, wakamtia maji mwilini, akalala. Alilala hadi asubuhi ikapita, na mama alikaa anamhesabia pumzi. Baba alikaa kwenye benchi la ukumbini, kanzu yake ileile ya sherehe, pudre kwenye mabega. Shehe Kassim alikuja akakaa karibu naye.

Mchana ule watu wakaanza kurudi kumwona mgonjwa. Nikadhani wamekuja kwa huruma, nikajilaumu kwa kuwadharau. Mama Tshibola ndiye aliyetangulia. Aliuliza hali, akamshukuru Mungu, akanivuta kando na kunong'ona.

"Zena, ile dawa banaiita namna gani? Falonne eko na examen Jumatatu. Kiloko tu, hapana mingi."

Baada yake akaja yule mzee wa "amefika, msimuguse". Yeye aliulizia kwa ajili ya mpwa wake anayelinda ghala usiku. Kisha jamaa wa msikitini mwenye mtoto polytechnique. Kila mmoja peke yake, kila mmoja kwa kunong'ona, na kila mmoja alitaka kujua kama kweli mtu anakumbuka kila kitu alichosoma. Yule wa tatu nilimwambia dawa inaitwa chumba cha maiti, iko mwisho wa ukumbi, mkono wa kushoto. Aliondoka akisema sina adabu. Kweli sina, ilinitoka yote mwezi ule.

Nilirudi chumbani na hasira zangu, ndipo Yassini akafumbua macho. Alitutazama mmoja mmoja. Baba alikuwa amesimama mlangoni, haingii wala hatoki.

"Mama," Yassini akasema, "niko nasikia njala."

Mama akaangusha kilio ambacho alikuwa amekishika tangu jana. Akaanza kutafuta kitenge chake aende kununua, kwa maana hospitali za kwetu chakula kinatoka kwa ndugu. Baba akamwambia: "Kaa."

Akatoka yeye. Nikamfuata, sikumwamini bado. Ng'ambo ya barabara kuna malewa, kibanda cha chakula ambapo madereva na wapagazi wanakula, na mbele yake ndipo pikipiki zinapongojea abiria. Ilikuwa adhuhuri ya Ramadhani, na nusu ya watu wa msikitini waliokuja kutazama wagonjwa na kutafuta betri walikuwa wamesimama palepale. Baba yangu, na kanzu yake na kofia yake ya kudariziwa, akainama akaingia malewa. Akaomba bukari na samaki na sombe, yale majani ya muhogo.

"Tata Masudi," mwenye kibanda akasema kwa sauti ya chini, na alikuwa mwema, "nikufungie mu sachet nyeusi? Bato hawataona."

"Weka mu sahani," baba akasema. "Ijae."

Akaibeba kwa mikono miwili, inatoa moshi, akavuka barabara taratibu ili mchuzi usimwagike. Watu wakaacha mazungumzo. Yule mzee akashindwa kujizuia.

"Tata Masudi! Leo hufunge?"

"Mutoto yangu anasikia njala," baba akasema, na hakusimama.

Chumbani akaketi ukingoni mwa kitanda. Alinawa, akamega bukari, akatoa miiba ya samaki kwa vidole, akamlisha Yassini tonge kwa tonge kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Yassini alikula kwa haraka, mashavu yamejaa. Katikati akasita.

"Baba, nitaanguka. Nilijibu swali moja tu. Banatanifukuza."

"Ninajua," baba akasema. "Kula kwanza."

Alikula hadi sahani ikabaki nyeupe. Kisha akaomba nyingine, na baba akainuka, akavuka tena barabara.